Mali Bila Daftari: Safari ya Mhasibu Katika Siasa za Kakamega

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani na katika masomo ya biashara, na aghalabu hufafanuliwa kuwa onyo kwa mfanyabiashara mzembe. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wafafanuzi wake hulipita upesi. Methali inataja mali na inataja daftari, lakini haimtaji msomaji wa daftari. Je, mali ikiwa na daftari, na daftari lenyewe likawa halisomeki kwa mwenye mali, mali hiyo itakuwa imesalimika?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, wapigakura wa Kakamega wamechagua magavana wawili, nao ni Wycliffe Oparanya na Fernandes Barasa. Wote wawili ni wahasibu kitaaluma. Si jambo la kawaida kwa kaunti moja kuikabidhi hazina yake mikononi mwa watu wa daftari mara mbili mfululizo.

Makala haya yanafuata safari ya mhasibu kutoka chumba cha mtihani, kupitia kampuni ya uhasibu, hadi jukwaa la siasa, na kueleza kinachobadilika njiani. Kisha yanaitazama safari hiyo kutoka Butali, kituo cha soko katika eneo bunge la Malava, ambako mkulima wa miwa hukutana na hesabu kila anapofikisha zao lake mizanini. Hoja kuu ni kwamba taaluma ya mhasibu haitoshi kulinda mali ya umma. Daftari humdhibiti kiongozi pale tu lugha yake inapokuwa mikononi mwa wenye mali.

Neno Lenyewe

Maneno "mhasibu" na "hesabu" yana mzizi mmoja, ambao Kiswahili kiliupokea kutoka Kiarabu. Msamiati wa taaluma hii ni kumbukumbu ya njia za biashara zilizoifikia pwani ya Afrika Mashariki. Neno "daftari" lilitujia kupitia Uarabuni na Uajemi, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi, ambayo zamani iliandikiwa. "Rasilimali" katika Kiarabu ni kichwa cha mali. "Mizania," yaani taarifa inayolinganisha mali na madeni ya shirika katika siku moja maalumu, imetokana na mizani. "Hundi" ilitoka kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, ilhali "leja," "bajeti" na "risiti" zililetwa na Waingereza. Kwa hivyo Kiswahili si mgeni katika uhasibu. Kilikuwa lugha ya mikopo, amana na faida kabla ya chuo chochote cha biashara kufunguliwa Nairobi au Dar es Salaam.

Zaidi ya istilahi, lugha hii ina dhana ya kutoa hesabu, ambayo imevuka mipaka ya duka. Mwislamu huizungumzia siku ya hesabu. Mkristo naye husoma katika Injili ya Luka kisa cha wakili aliyeitwa na tajiri wake aeleze alivyoitumia mali aliyokabidhiwa. Katika matumizi yote mawili, anayetoa hesabu si mwenye mali. Ni mtu aliyepewa dhamana, na anaulizwa na aliyempa.

Siasa za miongo ya karibuni zimelipendelea neno jingine, yaani "uwajibikaji." Neno hili limeundwa kutokana na "wajibu," na lina manufaa yake. Hata hivyo, tofauti yake na "kutoa hesabu" inastahili kuangaliwa. Mtu hawezi kutoa hesabu bila tarakimu, ilhali anaweza kuuhubiri uwajibikaji jukwaani kuanzia asubuhi hadi jioni pasi na kutaja shilingi moja. Mhasibu anayeingia katika siasa hutarajiwa kuiziba nafasi hiyo. Mpigakura humchagua akiamini kwamba huyu, angalau, atakuja na tarakimu.

Chumba cha Mtihani

Nchini Kenya mtu hawi mhasibu kwa kujitangaza. Bodi ya mitihani inayojulikana kama KASNEB ilianzishwa mwaka 1969, miaka sita baada ya uhuru, wakati ambapo ofisi nyingi za ukaguzi wa hesabu zilikuwa bado mikononi mwa wageni. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 1977 ikaizaa Taasisi ya Wahasibu wa Umma Walioidhinishwa Kenya, yaani ICPAK, mwaka uliofuata. Sheria hiyo ilikuja kubadilishwa na ile ya mwaka 2008. Mwanafunzi hufanya mitihani ya KASNEB kwa hatua, wengi wakisoma jioni baada ya kazi, na anayefuzu husajiliwa na ICPAK. Ndipo anapoweza kutanguliza herufi CPA mbele ya jina lake, kama vile daktari anavyotanguliza cheo chake.

Usajili peke yake haumruhusu kukagua hesabu za wengine. Anayetaka kufungua ofisi ya ukaguzi huhitaji cheti cha kufanyia kazi hiyo, ambacho hutolewa kwa masharti na kinaweza kuondolewa. Sababu ni kwamba mkaguzi anauza kitu kisichopimika kwa kilo wala kwa lita. Anauza sahihi yake. Benki humkopesha mteja, mwanahisa hununua hisa na mfadhili hutoa msaada kwa sababu mtu wasiyemjua ametia sahihi kuthibitisha kwamba tarakimu walizopewa zinaakisi ukweli kwa haki. Sahihi hiyo ikishukiwa mara moja, ofisi nzima huwa imefilisika hata kama ina fedha benki.

Kampuni na Jina

Kwa mhasibu, basi, kuanzisha kampuni ni kuliweka jina lake rehani. Pia ni kufunguliwa milango ambayo mwajiriwa hafunguliwi. Wateja wa ofisi ndogo ya uhasibu huwa ni shule, vyama vya ushirika, makanisa, hospitali za misheni na wafanyabiashara wa mjini. Baada ya miaka michache mwenye ofisi huwa anajua ni chama kipi kinadaiwa, ni mradi upi ulikwama na kwa nini, na ni nani akikabidhiwa fedha hulala usingizi. Huo ni ujuzi wa kitaaluma, lakini ndio pia ujuzi ambao mwanasiasa huutafuta kwa udi na uvumba.

Kwa upande wake, jamii humtambua mapema. Katika sehemu nyingi za mashambani mtu mwenye cheti cha uhasibu hufanywa mweka hazina hata kabla ya kuombwa maoni yake: wa harambee ya zahanati, wa kamati ya mazishi, wa bodi ya shule. Akizihifadhi vyema fedha za wenziwe, hupata sifa ambayo hotuba haziwezi kuinunua. Ndiyo sababu njia ya kutoka ofisi ya uhasibu hadi kura si ndefu kama inavyodhaniwa.

Si kila mhasibu aliyejenga kampuni huifuata njia hiyo hadi mwisho. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki unatoka Tanzania. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame mkoani Kilimanjaro, alisomea uhasibu Uingereza na kuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni ya kimataifa ya ukaguzi ya Coopers & Lybrand nchini Tanzania. Baadaye alijikita katika kampuni zake za IPP, ambazo chanzo chake kilikuwa shughuli ndogo ya kuunganisha kalamu za wino. Hakuingia katika siasa za uchaguzi. Aliingia katika maisha ya umma kwa mlango wa habari. Kituo cha televisheni cha ITV, Radio One na gazeti la Nipashe vilizungumza na Watanzania kwa Kiswahili, na hadi kifo chake mwezi Mei 2019 sauti yake ilisikika kuliko ya wabunge wengi. Mengi alitambua kwamba anayetaka kuufikia umma wa Afrika Mashariki hana budi kuufikia kwa lugha unayoielewa. Funzo hilo litarejelewa mbele, kwani wahasibu wa Kakamega walichagua mlango wa pili, yaani ule wa kura.

Kuvuka Meza

Kazi ya ukaguzi ina kanuni moja isiyovunjwa: mkaguzi hawezi kukagua shughuli ambayo yeye mwenyewe ana masilahi ndani yake. Hukaa upande mmoja wa meza na kuuliza maswali, na anayekaguliwa hukaa upande wa pili na kuleta stakabadhi. Mhasibu anapochaguliwa kuwa kiongozi, anaivuka meza hiyo. Aliyekuwa akiuliza sasa ndiye anayeulizwa. Ujuzi wake haumtoki, lakini kazi ya ujuzi huo hubadilika. Yule aliyejua mahali pa kuchungulia ili aone kasoro sasa anajua pia mahali ambapo wengine watachungulia.

Maisha ya Wycliffe Ambetsa Oparanya yanaidhihirisha hali hii hatua kwa hatua. Alizaliwa Machi 1956 huko Butere, kusini-magharibi mwa Kakamega, akapata shahada zake za biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na akaingia bungeni mwaka 2002 akiwa mbunge wa Butere, katika uchaguzi uliokiondoa chama cha KANU madarakani. Alichaguliwa tena mwaka 2007. Serikali ya mseto ilipoundwa mwezi Aprili 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, alikabidhiwa wizara ya mipango, maendeleo ya taifa na Ruwaza ya 2030.

Ni katika wizara hiyo ambapo mhasibu alikutana na hesabu ya aina nyingine, yaani ya watu. Sensa ilifanywa mwezi Agosti 2009. Tarehe 31 Agosti 2010 Waziri Oparanya alitangaza kuwa Wakenya walikuwa milioni 38.6. Hapo hapo akatangaza kwamba matokeo ya wilaya nane za kaskazini hayakukubalika, kwa kuwa idadi yake ilikuwa imepanda kwa kasi isiyolingana na takwimu za vizazi, vifo na uhamaji. Uamuzi huo ulipingwa mahakamani. Kwa mtazamo wa mhasibu, kuikataa tarakimu isiyoungwa mkono na ushahidi ni wajibu wa kawaida. Kwa mtazamo wa raia wa Mandera au Turkana, tarakimu iliyofutwa ilikuwa mgao wa fedha, kiti cha ubunge na heshima ya kuhesabiwa. Katiba mpya ilikuwa imezinduliwa siku nne tu kabla ya tangazo hilo, tarehe 27 Agosti 2010, nayo ilizifungamanisha rasilimali na uwakilishi na idadi ya watu. Hapo ilibainika kwamba katika siasa hakuna tarakimu iliyo tarakimu tu.

Daftari la Kaunti

Mwaka 2013 Oparanya alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kakamega, na mwaka 2017 akachaguliwa kwa kipindi cha pili na cha mwisho kikatiba. Kati ya Januari 2019 na Januari 2021 aliongoza pia Baraza la Magavana. Mwaka huo wa 2019 palizuka mvutano mkali juu ya mgao wa kaunti. Magavana walitaka shilingi bilioni 335, Bunge la Kitaifa likashikilia bilioni 310, na mwishowe mwezi Septemba zikaafikiwa bilioni 316.5. Mvutano huo unaeleweka zaidi mtu akijua kwamba Katiba inaagiza kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini asilimia hiyo hukokotolewa kutokana na mapato ya mwisho yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, msingi wa mgao hubaki kuwa wa miaka iliyopita. Ucheleweshaji wa karatasi Nairobi unaweza kuwa upungufu wa dawa Malava.

Katika utawala wa Oparanya kuna mradi mmoja unaoonyesha vyema fikra za kihasibu. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliubandika jina la "Oparanyacare," uliwalipa akina mama wasiojiweza fedha kwa awamu. Malipo yalifuata hatua za mama: kuhudhuria kliniki akiwa mjamzito, kujifungulia katika kituo cha afya, na kumpeleka mtoto apate chanjo. Fedha hazikutoka mpaka ushahidi upatikane. Huo ni uhasibu uliotiwa ndani ya huduma, na mama hakuhitaji kusoma leja ili aujue. Alijua amefanya nini na analipwa kwa ajili ya nini.

Upande wa pili wa daftari nao haupaswi kufichwa. Hospitali kuu ya mafunzo na rufaa ya kaunti, mradi mkubwa kuliko yote ya utawala huo, haikuwa imekamilika Oparanya alipoondoka madarakani mwaka 2022. Mwezi Agosti 2023 maafisa wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi walizipekua nyumba zake wakichunguza fedha za kaunti. Baadaye ofisi ya mashtaka ya umma iliondoa idhini yake ya kumshtaki, na hatua hiyo nayo ikapingwa mahakamani. Mwezi Agosti 2024 aliteuliwa waziri anayeshughulikia vyama vya ushirika na biashara ndogo, mwezi ule ule ambao mhasibu mwingine, John Mbadi, aliteuliwa kuwa waziri wa fedha. Kupekuliwa si kuhukumiwa, na makala haya hayakusudii kumhukumu mtu. Jambo la kuzingatia ni kwamba cheti cha uhasibu hakimkingi mtu na maswali. Pengine humwongezea, kwa sababu asiyejua hesabu anaweza kusingizia ujinga, naye mhasibu hana kisingizio hicho.

Mrithi wake, Fernandes Barasa, aliivuka meza kutoka kiti cha juu zaidi cha taaluma. Alikuwa mwenyekiti wa ICPAK kati ya mwaka 2015 na 2017, na aliongoza kampuni ya umma ya kusafirisha umeme, KETRACO, kabla ya kujiuzulu ili awanie ugavana. Hata uchaguzi wake ulicheleweshwa na kosa la kumbukumbu. Kura za ugavana Kakamega hazikupigwa tarehe 9 Agosti 2022 pamoja na kaunti nyingine, kwa kuwa karatasi zilichapishwa zikiwa na taarifa zisizo sahihi za wagombea. Zilipigwa tarehe 29 Agosti. Hivyo aliyekuwa msemaji wa wakaguzi nchini akawa mtu ambaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu humtathmini kila mwaka.

Mizani ya Butali

Msafiri anayetoka mji wa Kakamega kwa barabara kuu ya kuelekea Webuye hupita Malava na Butali, nchi ya Wakabarasi, mojawapo ya jamii za Waluhya. Pande zote za barabara ni miwa. Kiwanda cha sukari cha West Kenya kimekuwa katika eneo hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mwaka 2011 kiwanda cha pili, cha Butali, kilianza kusaga baada ya mvutano mrefu wa kisheria kuhusu leseni. Hapa uhasibu si somo la chuo. Ni karatasi anayopewa mkulima baada ya trekta kushusha mzigo.

Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Chini ya mkataba wa kawaida, kiwanda humlimia mkulima shamba, humpa mbegu na mbolea, kisha humvunia na kumsafirishia, na gharama hizo zote hukatwa katika malipo yake. Mfano wa kubuni utasaidia. Shamba likitoa tani 40, na bei ikiwa shilingi 5,000 kwa tani, mapato ghafi ni shilingi 200,000. Makato yakiwa 110,000, mkulima hubakiwa na 90,000. Ukizigawa kwa miezi 18, hizo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, kabla ya karo ya shule. Kosa dogo la uzito mizanini, au kato moja lisiloeleweka, linaweza kuondoa mapato ya mwezi mzima.

Kwa sababu hiyo mkulima wa miwa ana maswali matatu: uzito ni kiasi gani, bei ni ipi, na makato haya ni ya nini? Mtu akiyahamisha maswali hayo kutoka kiwandani hadi kwenye kaunti, hayabadiliki sana: kilichopokelewa ni kiasi gani, kilikadiriwa kufanyia nini, na kimetumikaje? Mpigakura wa Butali, hata kama hakuona mlango wa sekondari, anayo tayari mantiki ya ukaguzi. Asichokuwa nacho ni karatasi inayomjibu kwa lugha yake.

Historia ya Mumias, upande wa pili wa kaunti, inaonyesha hatari iliyopo. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga mwaka 1973 na kuingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001. Kama ilivyo kwa kampuni zote za soko hilo, hesabu zake zilikaguliwa na kuchapishwa. Mwaka 2013 taarifa zake zilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6, na hasara zikafuatana hadi kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu na benki iliyoidai mwezi Septemba 2019. Daftari lilikuwepo, likakaguliwa na kuchapishwa magazetini kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkulima aliyekuwa bado analaza mbegu ya miwa ardhini hakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa. Kwake, habari zilifika siku ambayo malipo hayakufika.

Lugha ya Daftari

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi, na inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika ili akamilishe ripoti zake. Kwenye karatasi, mambo haya mawili yanakamilishana. Katika utendaji hayajakutana vizuri. Mgombea huomba kura Butali kwa Kiswahili na Kiluhya. Akishachaguliwa, makadirio, taarifa za matumizi na ripoti za ukaguzi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ahadi hutolewa kwa lugha moja na hesabu kwa lugha nyingine.

Tanzania inaonyesha kwamba hali si lazima iwe hivyo. Hotuba ya bajeti husomwa bungeni Dodoma kwa Kiswahili, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa pia kwa lugha hiyo. Matokeo yake ni kwamba istilahi za ukaguzi zimeingia katika mazungumzo ya vijiweni. Watu hujadili halmashauri ipi imepata "hati inayoridhisha," ipi imepata "hati yenye shaka," na ipi imepata "hati isiyoridhisha." Si kwamba ubadhirifu umekoma huko. La hasha! Tofauti ni kwamba mwananchi anao msamiati wa kuuliza.

Msamiati huo nao unahitaji kufafanuliwa kwa uangalifu. Hati safi, kwa mfano, haimaanishi kwamba hakuna kilichoibwa. Inamaanisha kwamba taarifa zilizoandikwa zinaakisi kwa haki hali ya fedha, kwa kadiri ya ushahidi uliokaguliwa. Jengo lililokwama linaweza kuandikwa kwa usahihi kamili katika vitabu na bado likabaki limekwama. Vivyo hivyo, mwananchi anayesikia kwamba kaunti ina malimbikizo ya madeni anapaswa kuelewa kwamba huenda anayezungumziwa ni fundi wa kijijini kwake aliyejenga darasa na hajalipwa. Mhasibu anayajua haya yote. Akiwa mwanasiasa, anaweza kuyaeleza au kuyanyamazia, na mpigakura asiye na lugha ya hesabu hana njia ya kumtambua anayeeleza na anayenyamaza.

Fasihi ya Kiswahili imemzoea mwanasiasa mla mali ya umma. Tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka mwaka 2009, inalichora baraza la mji wa Cheneo likizama katika madeni huku wafanyakazi wake wakidai haki. Mhasibu aghalabu hapewi nafasi kubwa katika kazi za aina hiyo, kana kwamba fedha za umma hupotea zenyewe. Labda ni kwa sababu daftari limeachwa kwa wanauchumi, na wanafunzi wa lugha wameridhika kuchambua hotuba. Ilhali kazi iliyobaki ni ya wanafunzi hao hasa: kusanifisha istilahi za bajeti na ukaguzi zinazotumika Kenya, kufasiri muhtasari wa makadirio ya kaunti kabla ya vikao vya wananchi, na kuzijaribu istilahi hizo kwa wasikilizaji halisi, ili ijulikane ni lipi linaeleweka na lipi ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Hitimisho

Safari ya mhasibu hadi siasa ina mantiki yake. Mtihani humpa cheti, kampuni humpa jina, jamii humpa amana, na kura humpa hazina. Kakamega imeikamilisha safari hiyo mara mbili, na manufaa yake yameonekana pale ambapo malipo yalifungamanishwa na ushahidi ambao mama wa kawaida aliweza kuuona. Mipaka yake nayo imeonekana. Mhasibu akishavuka meza, hawezi kuwa mkaguzi wa nafsi yake, hata awe na vyeti vingapi. Kiti alichokiacha lazima kikaliwe na mtu mwingine.

Kwa mujibu wa Katiba, mwenye haki ya kukikalia ni mwananchi mwenyewe. Mkulima wa Butali anayesimama kando ya mizani na kuuliza "makato haya ni ya nini?" ameshaanza kazi hiyo. Methali ya wahenga ingekamilika iwapo ingeongezwa neno moja juu ya msomaji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali yenye daftari lisilosomwa na mwenyewe hupotea vilevile, ila habari zake huwa zimeandikwa.